Jina la Nne

Kijana aliyechoma nyumba ya mwanangu wa mwisho nilimpokea mimi kwa mikono hii. Alikuja miguu mbele. Mama yake alishika nguzo ya nyumba tangu asubuhi mpaka kuku walipoanza kurudi, na mimi nikamtoa taratibu nikimbembeleza, nikimwambia atoke, watu wanamngoja. Nasema hili mapema ili anayesoma asifikiri ninaandika kwa kutaka kusamehe. Mchungaji wetu amekuja mara tatu kwa habari ya kusamehe. Mara zote tatu nimempa uji, amekunywa, amekwenda zake. Mimi nataka nyumba ya mwanangu isimame tena pale iliposimama, na nataka aliyeiangusha aonekane na watu akiisimamisha. Sina ombi lingine kwa Mungu wala kwa serikali.

Nilisoma mpaka darasa la tatu. Kiswahili nilikipata Remba, kile kisiwa kilichojaa watu mpaka unamkanyaga mtu ukitaka kupiga chafya, nikiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwa watu wa Tanzania na Uganda. Mtu akikupunja kwa lugha usiyoijua, unajifunza upesi. Nilizaliwa upande wa Uriri, karibu na Ogwedhi penye soko la ng'ombe, nikaolewa huku ziwani, si mbali na Sindo. Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa maisha yake yote kwa mahali alikotoka. Nyar, yaani binti wa. Mimi ni Nyar Uriri. Zaidi ya miaka hamsini niko hapa, nimezaa hapa, nimezika hapa, na bado siku nikifa watasema Nyar Uriri ameondoka, kama mtu aliyekuja juzi kusalimia.

Nilikuwa mkunga wa ufuo huu kabla zahanati haijaletwa, na hata baada ya kuletwa, maana zahanati ilikuwa inafungwa saa kumi na watoto hawajui saa. Kila mtoto niliyempokea najua jina alilopewa, najua ni la marehemu gani, na najua ni shangazi yupi aliyelikataa jina hilo akashindwa. Mambo ya jana yananipotea. Majina hayajanipotea.

Kikundi cha kijana yule na wenzake kilianza kama timu ya mpira. Walikuwa watoto wazuri, siwasingizii. Mtu akifa wao ndio walichimba kaburi, wakafunga hema, wakabeba maji. Halafu kuna mheshimiwa mmoja, sitasema wa kiti gani, akagundua kwamba vijana arobaini wenye sauti moja kwenye matanga wana uzito zaidi ya kanisa zima. Akawanunulia fulana, akawapa pikipiki na spika kubwa. Na pamoja na spika akawapa neno.

Neno lenyewe ni jadak. Jadak ni mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi ya wengine akajenga, na wakiwa wengi ni jodak. Tangu zamani neno hili lilikuwepo, lakini lilisemwa chinichini, kama unavyotaja ugonjwa wa mtu aliye chumba cha pili. Hawa walilitia kwenye spika. Samaki wamepungua, ni jodak. Kazi za barabara zimekwenda kwa wengine, ni jodak. Sauti zilikuwa zinatumwa kwenye simu, mtu anaongea kwa hasira dakika nane, kila nyumba inasikiliza wakati wa chai. Haikuchukua muda, wakubwa wenye suti wakaanza kuja kutoka mjini. Walikuwa wanakaa kwenye viti vya plastiki wakingoja yule niliyemtoa miguu mbele, sasa kiongozi wa kikundi, amalize kula ndipo wamsalimie. Nilimwona mtu aliyewahi kuwa mwalimu mkuu akivua kofia mbele yake. Mgombea ambaye kikundi hakijamkubali hakupewa maikrofoni kwenye matanga yoyote, na huku kwetu usipoongea kwenye matanga hata mkeo hajui kama unagombea.

Kisha wakaleta kuhesabu. Walikuwa wanakuja bomani mchana kweupe, kwa adabu, wanamwambia mwenye boma ataje majina matano, kuanzia baba yake kurudi nyuma, wote wawe wamezikwa kwenye udongo wa hapa. Ukifika matano wewe ni wa hapa. Ukikwama, asubuhi yake unakuta ngata imewekwa langoni, ile ngata ya majani ya mgomba tunayoweka kichwani tukibeba mzigo. Maana yake kila mtu aliijua: jitwike, uende. Haikuwa na maandishi. Jirani yangu mmoja aliipeleka kwa naibu wa chifu kushtaki. Naibu wa chifu akaigeuzageuza, akamuuliza, "Mama, si hii ni ya kubebea maji?"

Mwanangu alitaka kuwa mwenyekiti wa kamati ya ufuo, na mheshimiwa alikuwa na mtu wake. Kwa hiyo wakaja kumhesabu. Nilikuwa pale, naanika omena. Kiongozi wao alisimama katikati ya nyavu akamwambia, "Taja." Mwanangu alitaja wanne. Wa tano ni kweli hakuzikwa hapa. Alikuja kwa mtumbwi kutoka visiwani, yeye na mke na mbuzi mmoja, akamwacha mwanawe hapa akarudi kufia kwao. Jambo hili hatujawahi kulificha.

"Wa tano yuko wapi?" akauliza kiongozi.

"Wa tano alikuja na mbuzi," mwanangu akamjibu. "Unataka na jina la mbuzi?"

Ufuo mzima ulicheka. Wavuvi walicheka, wachuuzi walicheka, hata wawili kati ya vijana wake walificha midomo. Mimi huamini ni kicheko kile kilichochoma nyumba. Ngata ingengoja. Kicheko hakikungoja.

Walikuja siku ya Sabato, wakijua sisi sote tuko kanisani. Tulikuwa tumesimama kwa wimbo wa pili nilipoona watu wa dirishani wameacha kuimba. Tulipofika, paa lilikuwa limeshakaa chini. Nyumba yangu, hatua ishirini tu kutoka pale, ilikuwa nzima, na jirani akaniambia kiongozi mwenyewe ndiye aliyekataza. Alisema nyumba ya Dani isiguswe, yeye ndiye aliyetupokea. Dani ni bibi, kwa lugha yetu. Heshima ile ilinichoma kuliko moto. Mtu anamchomea mwanao nyumba, halafu anakusalimia.

Mwanangu aliondoka na mkewe na watoto, wakaenda Migori mjini. Wana chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusagia unga, anaziba sufuria zilizotoboka. Mtu aliyekuwa na mitumbwi miwili.

Nilikwenda polisi. Waliniuliza ni nani waliofanya, nikawaambia, maana majirani walikuwa wamewaona: kumi na mmoja. Nilitaja kila mmoja kwa jina lake, jina la mama yake, na kama alizaliwa wakati wa mvua au wa kiangazi. Nilipofika wa saba, askari aliweka kalamu mezani akasema imeisha wino. Kwa kalamu hiyohiyo akamwandikia aliyenifuata, mtu aliyepoteza kitambulisho.

Basi nikarudi nyumbani nikakaa na kitu ambacho nilikuwa nimekikalia zaidi ya nusu karne.

Kiongozi yule alipenda kutaja majina yake matano. Kila matanga aliyataja, kama mtu anayeonyesha viatu vipya. Baba yake, babu yake, wa tatu, na wa nne. Huyo wa nne mimi nilimjua. Alikuwa mtu wa kwetu, upande wa Ogwedhi, vilima viwili kutoka boma la baba yangu. Aligombana na nduguye juu ya fahali mmoja, akahama, akaja ziwani, akakaribishwa, akajenga. Alipokufa alirudishwa kwao kwa mkokoteni wa ng'ombe, kwa sababu aliapa hatalala ugenini. Nilikuwa bado nachunga mbuzi. Nilikula nyama ya matanga yake. Nilipoolewa huku nikasikia jina lile likitajwa kama la mwenye ardhi, nilifunga mdomo mwezi wa kwanza uleule. Msichana akiondoka kwao hufundishwa hivyo: uliyoyajua kule kuhusu watu, usiyabebe kuyapeleka ulikoolewa. Wake wote tunafundishwa hivyo, na wake wote tunajua. Sisi tumeletwa kutoka kila mahali, na kila mmoja ana mtu anayemjua wa huko. Kikundi kile kama kingetaka orodha ya kweli kingewauliza wanawake. Lakini orodha ilikuwa ya wanaume, ikaandikwa na wanaume, na wala hawakukumbuka kwamba tuko nyuma ya jiko tunasikia.

Kitu kimoja tu kilinishika mkono. Mama wa kiongozi yule. Mjane huyo na mimi tumeanika omena kwenye nyavu moja miaka thelathini. Baada ya moto alikuja akasimama langoni kwangu na sufuria ya nyoyo, mahindi na maharagwe aliyochemsha mwenyewe. Niliipokea, nikawamwagia kuku mbele yake, nikamrudishia sufuria. Baada ya hapo sikuona tena kinachonizuia.

Akafa mvuvi mmoja mzee, matanga yakawa makubwa. Mheshimiwa alikuwepo. Kiongozi yule alikuwa sasa anatafuta uwakilishi wa wadi, na mheshimiwa alikuwa amemshika bega. Akachukua maikrofoni, akataja majina yake matano, vijana wakapiga mbinja. Mshereheshaji, kwa kutaka kufurahisha watu, akasema tumpe nafasi Dani aliyetupokea sisi wote. Nikasimama. Mtu alitaka kunishikia maikrofoni, nikaichukua mwenyewe.

"Mjukuu wangu," nikamwambia, "yule wa nne, nitajie tena. Masikio yangu yamezeeka."

Akamtaja, akitabasamu.

"Na kaburi lake liko wapi?"

"Nyuma ya boma letu, Dani. Unalijua."

"Lile ni la mwanawe. Wa nne mwenyewe amelala karibu na Ogwedhi, kwao. Alipelekwa na mkokoteni, na nyama ya matanga yake niliila mimi. Ilikuwa ngumu."

Watu walitega masikio kama wanaosikiliza injini ya mashua kama itawaka. Halafu kikongwe mmoja upande wa akina mama, naye ameolewa kutoka Uriri, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni kweli. Hata mimi nimelipita kaburi hilo." Na nyuma ya hema mwanamume mmoja akasema, "Kumbe hata jakom ni jadak." Jakom ni mwenyekiti. Basi hapo kicheko kikaanza nyuma kikaja mbele, na mheshimiwa akatoa simu yake akaanza kusoma kitu ambacho hakikuwepo.

Sitaficha. Ilikuwa tamu. Nilirudi kwenye kiti nikahisi meno yangu yote yamerudi mdomoni. Kijana alisimama pale na fulana yake akitafuta uso wa mtu mmoja wa kumtazama, na mimi nilihakikisha anaupata wangu.

Wiki hiyo chama kikampa mwingine tiketi. Mheshimiwa alimvua kama shati. Kijana akakimbilia Homa Bay mjini kwa rafiki. Na Jumatano asubuhi ngata ikawekwa kwenye lango la mama yake. Waliomwekea ni vijana walewale waliokuwa wanakula kwake, sasa chini ya mkubwa mpya, aliyekuwa msaidizi wa yule wa kwanza. Kesho yake wakaja wakang'oa mlango wa nyumba yake, wakauchukua. Hawakupiga mtu. Waling'oa tu mlango, wakaondoka wameubeba kama jeneza.

Nilimwona anakuja na beseni kichwani, nguo zake na chungu kimoja. Alisimama palepale alipokuwa amesimama na nyoyo.

"Nyar Uriri," akasema, "ulichokitupa hakikumpata. Kimenipata mimi."

Nilimwambia aingie, akaingia. Alipitia kando yangu bila kunigusa, akaenda moja kwa moja jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

Ndiyo maana hapa sijaandika jina hata moja. Ninayo yote. Lakini moja tu nililolitoa lilitosha kumtoa mjane mlangoni, na wanaonisaidia kuandika nimewaambia waache mapengo.

Lakini msifikiri nilinyamaza. Wiki mbili baadaye vijana walikuja kwangu, tisa, alasiri, wameleta sukari na mkate. Walikaa kwenye nyasi kama watoto wa shule ya Sabato. Mkubwa mpya alikuwa na daftari lenye miraba, lile la hesabu. Akaniambia kwa heshima nyingi kwamba wameona mimi nakumbuka kila kitu. Kwamba kumekuwa na makosa, watu wengine wameonewa na wengine wameachwa. Uchaguzi unakaribia na wakubwa wanauliza nani ni nani.

"Tunataka orodha iwe ya haki, Dani," akasema. "Wewe utaje tu. Sisi tutaandika."

Nilimtazama kijana aliyekaa wa tatu kutoka kwake. Yule ndiye aliyemwaga petroli kwenye paa la mwanangu. Watu wanne walimwona. Alikuwa ananikatia mkate. Ndani jikoni, mwiko uliacha kugonga sufuria. Mwenzangu, yule mjane, alikuwa anasikiliza.

Nitasema ukweli, nilijaribiwa. Kuna watu ufuo huu waliofurahia moto ule, na najua walikotoka babu zao wote. Ningeweza kulijaza daftari lile mpaka jalada.

"Andika," nikamwambia mkubwa mpya. "Tuanze na wewe mwenyewe. Baba wa baba yako alikuja hapa tumboni. Mama yake huyo aliolewa akiwa na mimba ya mtu wa Kisii, na mumewe akakubali, alikuwa mtu mwema. Umeandika?"

Hakuandika.

"Anayekufuata, wa tatu wake aliletwa kuchunga ng'ombe, akapewa binti badala ya ujira. Na wewe hapo mwenye kofia, ninyi mlitoka Tanzania, hata juzi bibi yako alikuwa anahesabu kwa Kijita akipima omena."

Nilikwenda kwa mpangilio walivyokaa. Yote niliyosema yalikuwa kweli, isipokuwa kwa mmoja. Yule wa petroli sikujua lolote la ugeni juu yake. Wao wako hapa tangu zamani, makaburi yao ni saba kwa mstari. Basi nikamtungia. Nikamtungia kitu kizuri, chenye mahali na mto na jina la mwanamke, na nikakisema kwa sauti ileile. Nilimwona anatazama wenzake, na wenzake wanasogea kidogo kwenye nyasi, upande wa pili. Wa mwisho aliniomba, "Mimi niache, Dani." Sikumwacha.

Walikuja kundi, wakaondoka mmoja mmoja. Daftari walilisahau, na sukari tumekunywa. Yule wa petroli hayuko ufuoni tena. Nasikia wenzake walimwekea ngata kwa ajili ya mto ambao haupo. Mchungaji akijua hili atakuja mara ya nne. Uji upo.

Kikundi hakijafa. Kimegawanyika pande mbili, kila upande unahesabu upande mwingine, na mheshimiwa amepata vijana wengine huko mbele, amewapa fulana za rangi nyingine. Neno lao sasa ni "wa kuja". Majuzi nimelisikia kwenye spika, linapita barabarani na muziki.

Lakini mimi nasubiri jambo moja. Mwenzangu bado analala nyumbani kwangu. Tunaanika omena pamoja, hatuongei sana. Wiki iliyopita mwanawe alimtumia ujumbe kwa fundi cherehani kutoka Homa Bay. Anaomba kuja kumwona mama yake. Anasema ataniletea mabati ishirini kwa lori, nimjengee mwanangu, yaishe.

Nilimwambia fundi ampelekee majibu. Mabati ya lori sitaki. Aje kwa miguu, siku ya soko, mchana, apite ufuoni penye watu wote, na achimbe udongo mwenyewe, aukanyage kwa miguu ileile aliyotangulia nayo kuja duniani, akandike kuta nne. Nikamaliza hapo.

Nikampigia simu mwanangu nikamwambia. Nikasikia kinu kinasaga nyuma yake. Akasema, "Mama, mimi nitalala ndani ya ukuta aliokandika yeye?" Nikamwambia kulala ni shauri lake, mimi nataka ukuta.

Jana mwenzangu aliniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye omena.

"Na akija kweli?"

"Akija nitamwonyesha udongo ulipo."

"Jua litakuwa kali. Na maji ya kunywa?"

"Maji utampa wewe," nikamwambia. "Kisima kiko wazi. Mimi sitamzuia mtu kunywa."

Akageuza omena upande wa pili, wote, mpaka mwisho wa wavu. Kisha akaniuliza siku ya soko ni lini, ingawa anajua.